Umri wa Mitambo ya Biashara: Kupanga Mwisho Kabla ya Mwanzo

Utangulizi

Kila afisa anayekabidhiwa fedha za kununua mtambo huulizwa bei yake. Ni mara chache mno kuulizwa mtambo huo utaondolewa lini, kwa fedha ipi, na kumbukumbu zilizomo zitahamishiwa wapi. Trekta kuukuu hujitangaza lenyewe kwa moshi na mafuta yanayovuja. Kompyuta haifanyi hivyo. Yaweza kuwaka kila asubuhi kama kawaida, ilhali umri wake wa kufaa umekwisha kitambo. Kwa hiyo mwisho wake hauna budi kupangwa kwa kalenda.

Umri wa mtambo wa biashara una hatua nne: kuchagua, kusimika, kutunza na kustaafisha.

Kuchagua na kusimika

Kinachochaguliwa kwanza ni kazi, mashine hufuata. Historia ya Tanzania inalo funzo hapa. Kompyuta ya kwanza nchini ilisimikwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hata hivyo, jitihada za kuziingiza hesabu za serikali katika kompyuta zilikumbwa na matatizo makubwa, yakiwamo mipango hafifu na uhaba wa wataalamu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na miaka mingi ikapita kabla ya marufuku hiyo kuondolewa. Ni dhahiri kwamba mashine yaweza kusimikwa kwa siku chache, lakini mtu wa kuiendesha hufundishwa kwa miaka. Gharama ya kumfundisha ni sehemu ya bei.

Thamani inayopungua

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 huruhusu asilimia 37.5 ya thamani ya kompyuta iliyobaki ikatwe kila mwaka kwa ajili ya uchakavu. Kwa mfano, chama cha ushirika kikinunua kompyuta kwa shilingi 4,000,000, hesabu huwa hivi:

Mwisho wa mwaka wa 1: shilingi 2,500,000
Mwisho wa mwaka wa 2: shilingi 1,562,500
Mwisho wa mwaka wa 3: shilingi 976,563 hivi

Katika miaka 3 thamani imeshuka chini ya robo. Lakini makato hayo ni maandishi ya vitabuni tu. Hayaweki senti hata moja sandukuni. Chama kisichotenga akiba halisi kila mwaka kitafika siku ya kubadilisha mashine kikiwa mikono mitupu.

Utunzaji

Programu nazo huzeeka, ingawa hazina chuma cha kuliwa na kutu. Mtengenezaji hutoa masahihisho ya kuziba kasoro zinazogunduliwa. Siku anapoacha kuyatoa, kasoro mpya hubaki wazi. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilikoma kuhudumiwa tarehe 8 Aprili 2014. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Tarehe zote mbili zilitangazwa miaka kadhaa kabla.

Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilienea duniani, ikifunga mafaili na kudai fidia. Huko Uingereza, angalau taasisi 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya taifa katika England ziliathirika, na miadi ya maelfu ya wagonjwa ikafutwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba mashine nyingi zilizoathirika hazikuwa zile kuukuu za Windows XP. Zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado ikihudumiwa. Masahihisho yake yalikuwa yametolewa tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla, lakini hayakuwekwa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na hapa waliolipa gharama ya ukuta ni wagonjwa.

Kustaafisha

Mashine hufa kabla ya kazi yake. Deni la mkulima hudumu hata kompyuta iliyoliandika ikizimika. Kwa hiyo kumbukumbu hunakiliwa, kisha nakala hufunguliwa katika mashine mpya na kulinganishwa na asili yake. Ni busara mashine zote mbili zifanye kazi sambamba hadi hesabu za mwisho wa mwezi zikubaliane.

Aidha, kufuta faili kwa njia ya kawaida huondoa jina lake katika orodha tu; yaliyomo huweza kusomwa bado. Diski isafishwe kabisa au ivunjwe kabla mashine haijatoka mlangoni. Mabaki yapelekwe kwa wenye ujuzi wa kuyachambua, kwani baadhi ya vipande vya mashine za zamani vina risasi, madini yenye sumu.

Hitimisho

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mitambo laweza kuwa na safu tano tu: jina la mtambo, tarehe ya kununuliwa, tarehe ya mwisho wa huduma, mtu anayewajibika, na akiba iliyokwisha kutengwa. Safu hizo zijazwe siku ile ile mtambo unapopokelewa.

Maswali ya mazoezi

1. Katika ofisi yako, ni mashine ipi ambayo tarehe ya mwisho wa huduma yake haijulikani?
2. Ikizimika leo, ni kazi ipi itakayosimama, na nakala ya kumbukumbu zake iko wapi?
3. Ni lini nakala hiyo ilijaribiwa kufunguliwa?