Manyanga ya Wahopi

Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili alipoiona kitabuni picha ya manyanga ya Wahopi, aliuliza, "Mwalimu, hawa nao walikuwa watu wa Hitler?" Kwani juu ya kibuyu palichorwa msalaba wenye ncha nne zilizopindwa. Swali hilo lastahili jibu.

Wahopi ni wenyeji wa asili wa Marekani, wakaao katika jimbo la Arizona, juu ya vilima vitatu vyenye vilele bapa na kandokando yake. Kijiji chao cha Oraibi kimekaliwa tangu yapata miaka ya 1100. Nchi yao ni kavu. Mvua ni kiasi cha inchi 10 tu kwa mwaka, wala hakuna mto mkubwa wa kunyweshea mashamba. Hata hivyo hulima mahindi, nao hufukia mbegu chini sana, yapata futi moja, ili zipate unyevu.

Basi mkulima wa namna hiyo ataomba nini ila mvua? Kibuyu hukaushwa, hutolewa mbegu zake, hutiwa vijiwe, kisha hutiwa mpini. Mchezaji akitikisapo, husikika kama mvua inyeshayo. Wachezaji hao huvaa sura za Katsina, yaani roho ziletazo mawingu, ambazo hukaa na watu tangu majira ya baridi hata Julai, ndipo hurudi kwao milimani. Kwa Wahopi mlio huo ni sala.

Mwezi wa Februari, katika sikukuu ya Powamuya, maharagwe huoteshwa ndani ya vyumba vitakatifu hali nje kuna baridi kali. Alfajiri Katsina huwagawia watoto miche hiyo pamoja na zawadi: wasichana hupewa sanamu za mbao, wavulana pinde na manyanga.

Na ule msalaba? Wazee wa nchi hiyo waliuchora karne nyingi kabla Hitler hajazaliwa. Masimulizi mengine husema mikono yake ni safari za koo zao kwenda pande nne za dunia, kabla ya kukutana walipo sasa. Maana nyingine huziweka kwao wenyewe, na ni haki yao. Februari 1940, mjini Tucson, wajumbe wa Wahopi, Wanavajo, Waapache na Wapapago walitia sahihi hati ya kuacha kuutumia katika mablanketi, vikapu na kazi nyingine za mikono, kwa sababu taifa jingine lilikuwa limeinajisi ishara yao ya urafiki.

Mwanafunzi wetu aliposikia hayo alisema wamedhulumiwa. Sikumpinga.