Njia ya Shule na Saa ya Maji

Wanachama wenzangu, mtu wa bara akiambiwa apange njia salama ya watoto kwenda shule, kwanza huwaza magari. Sisi wa Mkwiro, mashariki ya Kisiwa cha Wasini, twawaza mawe ya matumbawe, makali kama wembe, na maji.

Kengele ya shule haibadiliki, lakini saa ya maji kujaa husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kama saa nne asubuhi, yakajaa mnamo saa kumi jioni. Basi mtoto apitaye ufukweni asubuhi huona mchanga; akirudi, bahari imefika miambani! Wiki moja baadaye mambo hugeuka: asubuhi yanajaa, jioni yamekupwa. Mimi naona ramani moja haitoshi. Zichorwe mbili, ya ufukweni na ya juu, na tarehe za bamvua zibandikwe ukutani kando yake.

Wanaovuka kwa mashua kwenda Shimoni wahesabiwe wakipanda na wakishuka, kila mmoja na jaketi lake la kuokoa maisha. Ng'ambo ndiko kwenye magari: wa miguu apite kulia ayaone yanayomjia, wa baiskeli kushoto, mmoja nyuma ya mwenziwe. (Kubebana watatu ni mchezo wa Idi.)

Njia ya juu nayo yataka kufyekwa kila baada ya masika. Panga tunazo, na Jumamosi hatuna masomo.