Samaki Mpiganaji wa Siam: Afya Yake na Maradhi Yake

Asili ya samaki huyu ni nchi ya Siam, ambayo siku hizi huitwa Thailand. Huko hukaa katika mashamba ya mpunga na mabwawa yenye maji ya vuguvugu yasiyokwenda mbio. Wataalamu humwita Betta splendens, jina alilopewa na Charles Tate Regan mwaka 1910. Watu wa Siam walimfuga tangu zamani ili kupiganisha madume, na mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Leo hufugwa majumbani katika nchi nyingi kwa ajili ya rangi zake na mapezi yake marefu.

Akitunzwa vema huweza kuishi miaka 2 hadi 4. Lakini wengi hufa baada ya majuma machache tu, na mara nyingi kinachowaua ni kutojua kwa mfugaji. Basi na tutazame kwanza mahitaji yake, kisha maradhi yake.

Pumzi yake

Samaki huyu ana matamvua kama samaki wengine, lakini juu yake ana kiungo cha pili cha kuvutia hewa. Ndiyo sababu huonekana akipanda juu kumeza hewa, kama afanyavyo kambare wetu, au kamongo wa Ziwa Victoria. Kwa hiyo hapana budi kuacha nafasi ya hewa kati ya maji na kifuniko. Kifuniko chenyewe ni cha lazima, kwa kuwa samaki huyu hodari wa kuruka.

Wako watu wanaosema, “Maadamu huvuta hewa ya juu, chupa ndogo yamtosha.” Maneno hayo si kweli. Hewa huipata, lakini uchafu wake mwenyewe humrudia.

Maji yake

Mavi ya samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililozoea, bakteria wema huigeuza amonia kuwa naitriti, nayo pia ni sumu. Kisha bakteria wengine huigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao huhitaji kiasi cha majuma 4 hadi 6 kuenea katika tangi jipya. Chombo kikiwa kidogo, sumu hukolea upesi.

Basi mpe samaki mmoja tangi la lita 20 hivi, lenye chujio la mkondo wa polepole. Joto la maji liwe digrii 24 hadi 28 za sentigredi. Kila juma toa robo ya maji, utie mengine yenye joto lile lile. Usimwage maji yote kwa mara moja. Sifongo ya chujio ioshe katika maji uliyoyatoa tangini, wala si chini ya bomba, maana klorini itawaua wale bakteria wema. Maji ya bomba nayo yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini iuzwayo na wauza samaki wa mapambo.

Kamwe usiweke madume wawili pamoja, watararuana.

Chakula chake

Huyu ni mla wadudu. Mkate na wali si chakula chake. Mpe viluwiluwi vya mbu, au punje 2 au 3 za chakula chake cha dukani, asubuhi na jioni. Siku moja katika juma asile kitu.

Maradhi yake

Mapezi kuoza: Kingo za mapezi huwa nyeusi au nyekundu, kisha hukatika-katika. Sababu kubwa ni maji machafu. Badili maji kidogo kidogo kila siku, na mapezi mengi hujiotea tena. Uozo ukifika mwilini, yahitajiwa dawa ya kuua bakteria.

Madoa meupe: Huonekana kama chembe za chumvi mwilini. Ni kijidudu kilichojificha chini ya ngozi, na dawa haikifikii huko. Hukiua pale tu kinapotoka na kuogelea majini. Kwa hiyo usiache dawa siku madoa yanapopotea. Endelea mpaka siku zilizoandikwa na mtengenezaji zitimie.

Vumbi la dhahabu: Mulika kwa tochi, utaona kama vumbi la rangi ya dhahabu. Samaki hujisugua na kukunja mapezi. Tumia dawa ya vijidudu hivyo, na ulifunike tangi lisipate mwanga, kwa maana vijidudu hivyo husaidiwa na mwanga.

Tumbo kuvimba: Kama amevimbiwa tu, mnyime chakula siku 2 au 3. Lakini magamba yakisimama kama vigae vilivyong’oka, ni dalili kwamba viungo vya ndani vimeharibika, na wachache sana hupona.

Kutumia chumvi

Kwa mapezi yaliyoanza kuoza, chumvi ya samaki husaidia: kijiko kimoja cha chai kwa kila lita 4, iyeyushwe kwanza katika kikombe, wala isizidi siku 10. Kumbuka kwamba maji hupanda angani lakini chumvi hubaki. Kwa hiyo ukijazia maji yaliyokauka, usiongeze chumvi. Ongeza kwa maji yale tu uliyoyatoa kwa mkono.

Mgonjwa atengwe katika chombo chake, nawe unawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa tangi jingine. Tena usichanganye dawa mbili. Kabla ya dawa yo yote pima maji, kwani dawa haiwezi kumponya samaki anayeogelea katika sumu. Na ukichoka kumfuga, mpe mwenzako. Usimtupe mtoni, kwa kuwa si wa mito yetu.

Maswali

1. Kwa nini samaki avutaye hewa ya juu aweza kufa katika chupa ndogo?
2. Tangi lina lita 20. Litiwe vijiko vingapi vya chumvi?
3. Ukitoa lita 5 za maji hayo na kutia mapya, utaongeza vijiko vingapi?
4. Madoa meupe yamepotea siku ya tatu. Eleza kwa nini dawa isiachwe.