Safari Rally Naivasha: mwongozo kwa anayetoka Shishiyu

Mbio za magari za ubingwa wa dunia zilizo karibu zaidi na Shishiyu, Maswa, ziko Naivasha, Kenya, na sioni sababu ya mtu wa Maswa au Bariadi kuishia kuziona kwenye simu. Zilipoanzishwa 1953 zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ni zetu pia. Ziliondolewa kwenye ratiba ya dunia baada ya 2002, zikarudi Juni 2021 katika mikondo mipya (vipande vya mashindano) ya mashamba na hifadhi za Naivasha na Elmenteita. Tangu 2024 hufanyika Machi, kwa hiyo pakia koti la mvua.

Kutoka Maswa hadi Lamadi kupitia Bariadi ni lami, na Lamadi utapata basi la Sirari, mpakani. Kitambulisho cha NIDA hakitoshi kuvuka. Beba pasipoti, au uombe hati ya dharura Uhamiaji kabla ya kuondoka, pamoja na kadi ya homa ya manjano.

Pesa ndipo watu wanapoumizwa. Wabadilishaji wa barabarani Sirari watakuzunguka hata hujashusha begi, kila mmoja na kikokotoo chake. Usikubali hesabu ya kikokotoo chao. Piga kwa simu yako, ukikumbuka kwamba shilingi moja ya Kenya hucheza karibu na 20 za kwetu, kisha hesabu noti mwenyewe, moja moja, kabla hujatoa zako. Akizichukua tena "ahakikishe", anza kuhesabu upya, kwa sababu hapo ndipo noti hupungua. Mimi sasa nabadilisha nauli tu, nyingine nabadilisha benki.

Sasa usafiri, ambao bado unanichoma moyo. Pale Isebania, upande wa Kenya wa mpaka, wapiga debe watakuapia kwamba basi la Nairobi "linapita Naivasha". Halipiti. Likitokea Narok linafika Mai Mahiu, kisha linapanda mlima kuelekea Limuru, na Naivasha inabaki upande mwingine. Mimi nililipishwa nauli ya Naivasha, nikashushwa Mai Mahiu usiku, konda akaniambia kwamba hapo ndipo mwisho wangu. Lipia hadi Mai Mahiu tu, ufike mchana, halafu upande matatu ya Naivasha kupitia barabara ya chini ya Longonot. Au pitia Kisii, Kericho na Nakuru: ni mzunguko, lakini matatu zipo na kila mtu anajua anakokwenda.

Usilale Naivasha mjini. Wiki ya mbio bei za vyumba hupanda bila aibu, na chumba ulichokubaliana kwa simu hupewa aliyefika na pesa zaidi. Lala Gilgil au Nakuru, uamke alfajiri. Jihadhari pia na vijana wanaouza "tiketi" kando ya barabara. Sehemu nyingi za kutazamia mikondo ni za bure, na tiketi za kulipia ni za mahema ya wageni maalumu. Ukiingia hifadhi ya taifa, kiingilio kinalipwa kwa mtandao wa serikali, eCitizen, wala si mkononi mwa mtu. Onyesha pasipoti udai bei ya raia wa Afrika Mashariki.

Kila mtu atakuambia uende Hell's Gate Jumapili, mkondo wa mwisho. Miamba ni mizuri, ndiyo, ila utaona migongo ya watu na misafara ya wakubwa, huku barabara zikifungwa saa nyingi. Uzinduzi nao ni magari yaliyosimama na hotuba. Yaache yote mawili.

Nenda Sleeping Warrior, Elmenteita. Mwaka 2021 ulikuwa mkondo wa zaidi ya kilomita 30, na mvua iliponyesha Jumamosi udongo uligeuka utelezi mtupu. Au Kedong, kwenye vumbi laini kama unga linalomeza magurudumu. Hapo utaelewa kwa nini mbio hizi huwavunja wenye kasi: dereva Thierry Neuville aliongoza 2021 hadi Jumapili asubuhi, gari likamharibikia mkondo wa Loldia, Sébastien Ogier akashinda na Takamoto Katsuta akawa wa pili. Simama juu, upande wa ndani wa kona, kamwe usisimame nje yake wala bondeni. Askari na wasimamizi wakikuambia rudi nyuma, rudi: mkondo ukijaa watu njiani unaweza kufutwa, na wote mmekosa.

Beba kitambaa cha pua, maji ya kutosha, kofia na chakula. Huko porini soda huuzwa mara mbili ya bei. Njaa ikibaki, jioni pita Karagita ule samaki wa Ziwa Naivasha, ukikubaliana bei kabla hajaingia kwenye mafuta. Safari ya boti ya kutazama viboko sikushauri: bei wanayotaja mwanzo siyo utakayolipa ukirudi nchi kavu.

Kurudi, ondoka Jumatatu asubuhi. Jumapili jioni barabara ya Nakuru–Nairobi husimama kabisa.