Askari wa Glaida: Vitani kwa Ndege Bila Injini

Siku moja chamani kulizuka ubishi. Mwenzetu mmoja alisema ati shujaa wa angani ni yule aliyeruka kwa mwavuli, na hawa wa glaida walikuwa abiria tu. Nilinyamaza maana sikuwa na la kujibu. Nilienda nikasoma, na leo najibu.

Glaida ni nini?

Ni ndege isiyo na injini. Sio tiara, kwa kuwa tiara hushikwa na uzi mpaka mwisho. Glaida huvutwa kwa kamba na ndege nyingine, kisha kamba hufunguliwa, nayo huteremka ikibebwa na hewa. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Wamarekani walitumia sana aina iliyoitwa Waco. Mifupa yake ilikuwa ya mabomba ya chuma, sakafu ya mbao, na ngozi yake kitambaa tu. Ilibeba marubani 2 na askari 13, au gari moja la jeep na watu wachache. Faida yake ni kwamba kikundi kizima kilitua pamoja na silaha zake nzito, ilhali wale wa miavuli walitawanywa huku na huku.

Safari yenyewe

Hebu keti nao kwenye viti vya mbao. Upepo unapiga kitambaa pa! pa! pa! hata humsikii jirani yako. Ndege inayumba nyuma ya kamba ya mita 100 hivi. Mmoja anatapika, wa pili anafuata. Askari wa Kimarekani hawakuwa na miavuli humo ndani. Kamba ikishafunguliwa, rubani hawezi kupaa tena ajaribu mara ya pili. Maji yakimwagika hayazoleki.

Usiku wa Julai 9, 1943, Waingereza walipelekwa kisiwa cha Sicily, Italia. Upepo ulikuwa mkali. Glaida nyingi zilifunguliwa mbali na pwani zikaanguka baharini, na zaidi ya askari 200 wakafa maji bila hata kumwona adui.

Lakini Juni 6, 1944, huko Normandy, Ufaransa, mambo yalikuwa tofauti. Meja John Howard na watu wake walitua usiku karibu kabisa na daraja la mfereji wa Caen, wakaliteka kwa dakika chache tu. Siku hiyo hiyo Brigedia Jenerali Don Pratt wa Marekani alikufa glaida yake ilipogonga ua wa miti. Kumbe hata cheo hakikusaidia!

Glaida zilitua Burma pia, msituni usiku, Machi 1944. Mwaka huo askari wa Afrika Mashariki nao walipigana Burma, ila wao walikwenda kwa miguu.

Haki iko wapi?

Hapa ndipo penye jibu langu. Askari wa miavuli wa Marekani alijitolea mwenyewe, akapewa viatu maalum na dola 50 zaidi kila mwezi. Yule wa glaida hakuulizwa. Aliambiwa tu kwamba kikosi chake sasa ni cha glaida, na nyongeza hakupata. Ilibidi wengi wafe kwanza, ndipo wakaanza kulipwa ya hatari mnamo Julai 1944.

Basi, mwenzangu, abiria hulipa nauli akashuka apendapo. Hawa walishuka gizani, shambani kwa adui, na mara nyingi ndege ikiwa imevunjika. Aliyeruka alikuwa shujaa, na aliyeketi akangoja kuanguka pia alikuwa shujaa. Tusipime ujasiri wa mtu kwa sare wala kwa mshahara wake.

Maswali

1. Taja faida moja na hatari mbili za glaida.
2. "Maji yakimwagika hayazoleki." Eleza jinsi methali hii inavyomhusu rubani wa glaida.
3. Je, anayelazimishwa anaweza kuitwa shujaa? Jadilini chamani, bila kugombana!