Mlishe Kabla Hajawa Mzazi: Kolini kwa Wanawake wa Migombani

Uchaggani wanajua kumlisha mzazi. Mwanamke akijifungua Marangu, Kibosho au Rombo, hupikiwa mtori wa ndizi na nyama, huletewa maziwa na samli, na kwa wanaoshika mila, hupewa kisusio au mlaso, vyakula vyenye damu ya mnyama. Mbuzi huchinjwa kwa ajili yake, na jembe hasogezewi mpaka miezi mitatu ipite. Ni mila nzuri, ila huanza mtoto akishazaliwa. Miezi ya nyuma, mama huyohuyo huenda alikuwa akishinda kwa chai ya rangi asubuhi, ndizi za kuchemsha mchana, na ugali na mboga ya majani usiku. Tumbo lilishiba, lakini kirutubisho kimoja ambacho mtoto hukitaka tangu siku za mwanzo kilikuwa haba katika sahani hizo: kolini.

Makala haya ni kwa dada anayetarajia kushika mimba, kwa aliye na mimba, kwa anayenyonyesha, na kwa mume au mama mkwe anayepanga kitakachonunuliwa sokoni.

Kazi ya kolini mwilini

Kolini ilitambuliwa rasmi nchini Marekani mwaka 1998 kuwa kirutubisho cha lazima, na hapo ndipo viwango vyake vilipopangwa. Mwanamke mtu mzima anashauriwa kupata miligramu 425 kwa siku. Akiwa mjamzito ni 450, na akinyonyesha ni 550.

Kolini hutumika kujenga kuta za seli zote. Hulisaidia ini kusafirisha mafuta yasije yakajazana humo, na hutengeneza kemikali ambayo neva huitumia kupelekeana taarifa, zikiwemo za kumbukumbu na za kukunja misuli. Tena hushirikiana na asidi foliki: moja ikipungua, mwili huitumia zaidi nyingine.

Mtoto aliye tumboni anajenga seli kila saa, hivyo kondo la nyuma humvutia kolini kwa nguvu, hata akiba ya mama ikiwa inapungua. Ubongo na uti wa mgongo huanza kama mrija mdogo unaojifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe. Mrija huo usipojifunga vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Wakati huo wanawake wengi hawajajua kwamba wana mimba, na ndiyo maana lishe ya uzazi huanza kabla ya mimba.

Ini la mwanamke hutengeneza kolini kiasi, na homoni ya estrojeni huliongezea uwezo huo. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha North Carolina lililochapishwa mwaka 2007, watu waliwekwa kwenye chakula chenye kolini kidogo sana. Wanaume 77 katika kila 100 walipata mafuta kwenye ini au madhara ya misuli. Kwa wanawake waliokoma hedhi walikuwa 80, na kwa wale ambao hawajakoma walikuwa 44. Kwa hiyo estrojeni ni kinga, ila haiwatoshi wote, kwa kuwa kuna wanawake ambao vinasaba vyao haviitikii homoni hiyo. Kliniki zetu hazipimi vinasaba hivyo, na njia ya uhakika inabaki kuwa chakula.

1. Anza na yai, pamoja na kiini chake

Yai kubwa la kuku wa kisasa lina miligramu 145 hivi za kolini. La kienyeji ni dogo, lakini nalo huvuka 100. Karibu zote zimo kwenye kiini. Anayekula ute na kuacha kiini ameiacha kolini mezani.

Lengo liwe yai moja kila siku, na mawili siku mkono unaporuhusu. Liive mpaka kiini kigande, hasa kwa mjamzito, ili kuepuka vijidudu. Wapo wanaoamini kwamba mama akila mayai mtoto atazaliwa bila nywele, au atanenepa ashindwe kupita. Nywele za mtoto hazihusiani na mayai. Mtoto kuwa mkubwa kupita kiasi huhusiana zaidi na kisukari cha mimba, uzito wa mama na urithi. Mwenye mzio wa mayai ndiye wa kuyaacha.

2. Ndizi isikae peke yake

Ndizi ni chakula chetu na hakuna haja ya kuiacha, ila kolini yake ni ndogo: bakuli zima linaweza kukupa miligramu 30 tu au zaidi kidogo. Kinachopandisha kiasi ni unachopika nayo. Kiburu, ndizi na maharage kwenye sufuria moja, ni jibu la zamani kwa tatizo hili. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina miligramu 90 hivi, kwa hiyo maharage yaonekane kwenye sahani, yasiwe ya kuungia rangi tu. Loweka usiku, mwaga maji ya kulowekea, kisha mchuzi uliochemkia maharage uuache chunguni, kwa sababu sehemu ya kolini huyeyuka ndani ya maji.

Kitawa cha ndizi na maziwa nacho kina nafasi yake, kwani kikombe cha maziwa kina miligramu 40 na ushee. Ng'ombe wa bandani yupo katika vihamba vingi, yaani mashamba ya nyumbani, lakini maziwa mara nyingi huuzwa yote. Kabla ya kuyapeleka kwa wanunuzi, tenga kikombe cha mama. Yachemshe kwanza: ugonjwa wa brusela upo Kilimanjaro, huambukiza kupitia maziwa mabichi, na unaweza kuharibu mimba. Tahadhari hiyohiyo ni ya mlaso na kisusio, damu ipikwe mpaka iive kabisa.

Soya ni msaada kwa kaya isiyo na kuku wala ng'ombe. Nusu kikombe cha soya za kukaanga zina miligramu 100 hivi. Unga wake unaweza kuchanganywa kwenye uji wa asubuhi baada ya soya kukaangwa na kusagwa.

3. Nyama na samaki, na namna ya kula ini

Kipande cha nyama ya ng'ombe cha gramu 85, sawa na kiganja bila vidole, kina miligramu 115 hivi. Perege kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu wana miligramu 50 hivi kwa kila gramu 100. Si nyingi, lakini zinajumlishwa.

Maini ya ng'ombe ndiyo yanayoongoza. Kipande cha ukubwa ule wa nyama kina zaidi ya miligramu 350. Lakini maini yana vitamini A nyingi mno, na ikizidi katika miezi ya mwanzo inaweza kumdhuru mtoto. Kipande kimoja kinaweza kupita kiwango cha juu cha siku nzima. Kwa hiyo anayetarajia mimba au aliye nayo asiyafanye maini kuwa dawa yake ya kolini. Achukue yai, na kama anapenda maini aulize kliniki kwanza. Akishajifungua, kipande kidogo mara moja kwa wiki kinamfaa.

4. Meza vidonge vya kliniki, lakini jua havina nini

Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mjamzito kliniki vina madini ya chuma na asidi foliki. Vimezeni kama mlivyoelekezwa, kwani vinapunguza upungufu wa damu, na asidi foliki ndiyo kinga iliyothibitishwa zaidi dhidi ya mgongo wazi. Ila kolini haimo. Haimo pia katika virutubishi ambavyo Tanzania huongeza kwenye unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani. Hata kidonge cha kimataifa cha wajawazito chenye vitamini na madini 15 hakina. Ukinunua vitamini za ujauzito duka la dawa mjini Moshi, soma pakiti: nyingi zina kolini kidogo au hazina kabisa.

Usijinunulie vidonge vya kolini kwa wingi kwa kudhani kwamba zaidi ni bora. Kiwango cha juu ni miligramu 3,500 kwa siku. Kupita hapo, mtu anaweza kutoa harufu ya samaki, kutokwa jasho jingi na kushuka presha. Kwa chakula cha kawaida ni vigumu mno kufika huko.

5. Mbege isubiri

Kwenye ngoma na vikao, kata ya mbege hupita kila mkono, na wapo wanaosema haina madhara kwa kuwa ni ndizi na ulezi. Ni pombe, na pombe huumiza ubongo wa mtoto tumboni. Cape Town, watafiti waliwapa wajawazito waliokuwa wakinywa sana gramu 2 za kolini kila siku. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha watoto wao wakikua na kujifunza vizuri kuliko wale ambao mama zao walipewa kinywaji cha kulinganisha kisicho na kolini. Utafiti huo haukuihalalisha pombe. Mama akikaribishwa mbege aombe togwa au maji, na wenzake wasimlazimishe.

6. Mlo wa siku moja, kwa hesabu

Asubuhi: mayai mawili ya kisasa na kikombe cha maziwa, miligramu 330 hivi.

Mchana: kiburu chenye kikombe kizima cha maharage, 120.

Usiku: ugali, mboga ya majani na kipande cha perege, 50 au zaidi.

Jumla ni miligramu 500 hivi, inayovuka mahitaji ya mjamzito. Ukipunguza yai moja, ongeza kikombe kingine cha maharage usiku nawe utakuwa karibu na 450. Siku isiyo na yai kabisa, jumlisha vikombe viwili vya maziwa, vikombe viwili vya maharage na kipande cha nyama: pamoja na kidogo kitokacho kwenye ndizi, utapata 400 hivi.

Anayenyonyesha aongeze juu ya mlo huo kikombe kimoja cha maziwa au soya kidogo, maana kila siku anampa mtoto kolini kupitia maziwa yake. Hapo mila ya kumlisha mzazi inafanya kazi yake sawasawa, na isikatwe miezi mitatu ikiisha ilhali mtoto bado ananyonya.

7. Nani ananunua?

Ushauri huu hauna maana ikiwa mwanamke ndiye wa mwisho kupakuliwa. Trei moja ya mayai 30 ni yai moja kwa mama kila siku, mwezi mzima. Kaya isiyoweza kununua trei ifuge mitetea michache, na mayai ya kwanza yawe ya mama na watoto, yanayobaki ndiyo yaende sokoni Mbuyuni au Kiboriloni. Baba aliyeweka fedha za mbuzi wa uzazi anaweza kutenga sehemu yake mapema, tangu siku wanapokubaliana kutafuta mtoto. Na katika hudhurio la kwanza kliniki, mwelezeni muuguzi chakula halisi cha siku iliyopita, si kile mnachojua kwamba anataka kusikia, ili awaambie ni kipi cha kuongeza.