Baba na Mama, Tengenezeni Chumba cha Kupikia

Ndugu wanakisomo, katika somo lililopita tulizungumza juu ya maji ya kunywa. Leo tunaingia jikoni. Najua baadhi ya akina baba wakiona neno hilo watageuza ukurasa wakatafute bei za mazao. Baba, ngoja kidogo. Somo hili ni lako pia.

Mimi ni kijana, na wengi mnaosoma hapa ni wazee wangu. Shikamooni. Sikuja kuwafundisha mambo ya ndoa. Nimekuja kusema habari ya moshi, maana matokeo yake ninayaona zahanati kila wiki.

Kwanza tuelewane maneno. Tukisema "jiko" katika somo hili, tuna maana ya mahali pa moto. Tukisema "chumba cha kupikia", tuna maana ya nyumba au kibanda ambamo jiko limo.

MOSHI UNA NINI?

Kuni zikiungua hutoa vumbi dogo sana, dogo kuliko unga wa muhogo. Vumbi hili hupita puani na kooni, likaingia ndani kabisa ya mapafu. Moshi una pia hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Ikiingia katika damu, huchukua nafasi ya hewa safi ambayo mwili unaihitaji. Mama mjamzito akiivuta, mtoto aliye tumboni hupungukiwa na hewa, na huweza kuzaliwa na uzito mdogo.

Mama anayepika ndani ya moshi kwa miaka mingi huweza kupata kikohozi kisichokwisha, hata kama hajavuta sigara maishani mwake. Macho huwasha na kutoa machozi. Moshi huongeza pia hatari ya mtoto wa jicho. Lakini anayeumia haraka zaidi ni mtoto mchanga anayebebwa mgongoni mama anapopika. Mapafu yake ni madogo na bado yanakua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba moshi wa majumbani huongeza karibu mara mbili hatari ya mtoto kupata maradhi ya mapafu, kama vile kichomi. Shirika hilo linakadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi huo ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Basi ninyi wenye saa, jifunzeni kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Tazameni kifua kinavyopanda kwa dakika moja nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo. Wa miezi 2 hadi mwaka mmoja, hesabu ya hatari ni 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi miaka 5, ni 40 au zaidi. Kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, msihesabu tena. Ondokeni mara moja, hata kama ni usiku.

KAENI CHINI MPANGE

Hapa kijijini kwetu kuna mke na mume ambao mtoto wao aliletwa zahanati kwa kichomi mara tatu katika msimu mmoja wa mvua. Kila mara tulimpa dawa, akapona, akarudi nyumbani kwenye moshi ule ule. Mara ya tatu baba alikuja pia. Tulipomwuliza mtoto hushinda wapi, alijibu upesi, "Kwa mama yake." Mama yake hushinda wapi? Hapo baba akanyamaza.

Baba yule alikuwa ameweka fedha za kununua saruji ya kusakafia sebule ya wageni. Mama alitaka fedha hizo ziende kwenye chumba cha kupikia. Walibishana siku nyingi. Mwishowe baba alikubali nusu, na akajenga jiko la udongo siku ambayo mama alikuwa shambani. Alilipima kwa kimo chake mwenyewe. Mama aliporudi, hakuweza kuona ndani ya sufuria mpaka apande juu ya kigoda. Jiko likabomolewa. Mara ya pili walijenga wote wawili, na kipimo kikawa kiuno cha mama. Kwa kipimo hicho ugali husongwa bila kuinama sana wala kunyanyua mabega.

Mimi naona kupima pamoja ni bora kuliko kuwa na fundi hodari. Mpishi anajua upepo wa jioni unatoka upande gani, mvua inaingilia wapi, kuku wanapitia wapi. Asipoulizwa, kazi itafanywa mara mbili.

Chukueni daftari. Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andikeni vitu mlivyo navyo, kwa mfano udongo wa kichuguu, mchanga, majani makavu, miti, nguvu zetu. Upande wa kulia andikeni vya kununua, kwa mfano misumari, bawaba mbili, chokaa. Mtashangaa kuona upande wa kulia ni mfupi. Halafu amueni kitu cha kwanza ni kipi, kama fedha hazitoshi vyote. Ushauri wangu ni njia ya moshi kwanza, jiko pili, mapambo tatu.

KAZI YENYEWE

Fanyeni kazi hii kiangazi, ili udongo ukauke vizuri.

Toboeni madirisha mawili yanayoelekeana, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Dirisha la sentimita 60 kwa 60 linafaa. Lisiwe sambamba na moto, maana upepo utatawanya majivu. Liwe juu zaidi ya sufuria. Wekeni fito za kuzuia mbuzi na kuku. Acheni pia uwazi kati ya ukuta na paa, kwa sababu moshi wa moto hupanda juu na kutafuta pa kutokea. Sehemu zenye baridi, kama Njombe na Makete, watu hupenda kuziba kila tundu ili wapate joto. Ni kweli baridi inauma. Lakini joto la namna hiyo linakuja pamoja na sumu. Afadhali kuota moto nje kwenye baraza, au kuvaa koti.

Jiko la udongo la vyungu viwili hufungia moto ndani, likatumia kuni chache kuliko mafiga matatu. Changanyeni udongo wa kichuguu, mchanga na majani makavu yaliyokatwa vipande vidogo. Kipimo hutegemea udongo wa kwenu, kwa hiyo fanyeni jaribio. Finyangeni tonge, mliache likauke kivulini siku chache. Likipasuka, ongezeni mchanga. Likimeguka kama keki, ongezeni udongo. Sufuria mnayoitumia kila siku ikae ndani ya shimo lake bila kuacha nafasi kubwa pembeni. Jiko la kimo cha kiuno lina faida nyingine: mtoto anayetambaa hawezi kuangukia motoni.

Bomba la moshi ni zuri sana, lakini angalieni paa. Kama nyumba imeezekwa kwa nyasi au makuti, msipitishe bomba la bati katikati ya paa. Bati hupata moto na nyasi zitawaka. Litoeni kwa ukuta wa matofali, lipande mbali na paa. Lisafisheni masizi kila mwezi, maana lililoziba hurudisha moshi chumbani.

Jiko zuri halimalizi moshi wote. Kuni mbichi zitafuka hata katika jiko bora. Pasueni kuni nyembamba, mzipange chini ya upenu zikauke. Lowekeni maharage usiku, yataiva upesi. Funikeni sufuria. Na mama anapopika, baba amchukue mtoto, wakae nje. Kazi hii haina gharama yoyote, wala haihitaji fundi.

"LAKINI MOSHI UNATULINDIA MAHINDI"

Mzee mmoja aliniambia hivyo, na alikuwa na haki. Moshi hufukuza wadudu baadhi kwenye mahindi ya darini, na hufanya nyasi za paa zidumu. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Ila siku hizi tuna njia nyingine. Mahindi yakianikwa yakauka kabisa, yakapukuchuliwa, yakafungwa katika mifuko maalumu isiyopitisha hewa, dumuzi hufa humo humo. Mwulizeni ofisa ugani. Wasioweza kununua mifuko wajenge ghala dogo mbali na chumba cha kupikia. Mapafu ya mtoto hayana sababu ya kufanya kazi ya ghala.

KUPAKA NA KUPAMBA

Sasa tunafika mahali ambapo watu hufurahi. Ukuta mweusi wa masizi hunywa mwanga. Ukuta mweupe huleta mwanga, na mende, utando wa buibui na uchafu huonekana upesi. Kwa hiyo kupamba si anasa. Ni sehemu ya usafi.

Kwanza kwangueni masizi, mkiwa mmefunga kitambaa puani na mdomoni. Zibeni nyufa kwa udongo. Kisha pakeni udongo mweupe, kama unapatikana kwenu, au chokaa. Chokaa ambayo haijazimwa ni kali. Ikigusana na maji huchemka, na huunguza ngozi na macho. Mwageni chokaa kidogo kidogo ndani ya maji, msimwage maji juu ya chokaa. Watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni, osheni kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha nendeni zahanati. Chumvi kidogo ndani ya chokaa iliyozimwa huisaidia kushika ukutani. Pakeni mara mbili au tatu, kila mara mkingoja ikauke.

Sehemu ya chini, inayorukiwa na matope, pakeni udongo mwekundu. Mahali pa kukutana rangi hizo mbili, mama au binti achore kwa vidole maua au mistari apendayo. Baba naye atengeneze uchanja wa vyombo nje, juani, na rafu ya ndani ya kuweka chakula. Nyungo na miko ining'inie kwenye vigingi. Jirani akipita atauliza nani fundi. Mwambieni ni sisi.

Jambo moja tu: pazia, khanga na karatasi visiwe karibu na moto. Hata gazeti hili, likiisha kusomwa, mpe jirani. Usilibandike nyuma ya jiko.

MAFUTA YA TAA, MAJI YA MOTO NA MKAA

Katika rafu mpya wekeni mafuta ya taa juu kabisa, kwenye chombo chake, si katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, msimtapishe na msimpe maziwa. Akitapika, mafuta huweza kuingia mapafuni. Mpelekeni zahanati mara moja.

Mtoto akiungua, mwagieni mahali hapo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Msipake yai, dawa ya meno wala majivu. Funikeni kwa kitambaa safi, mje.

Mkaa unawadanganya wengi kwa kuwa hautoi moshi mwingi. Sumu ile isiyo na harufu imo ndani yake. Msilale na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, hata siku moja. Kuna jamaa waliolala hivyo ili wapate joto, na asubuhi hawakuamka.

Mwaka 2024 Serikali yetu ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia. Lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi, kama gesi na umeme. Wenye uwezo waanze sasa, hata kama ni kwa chai ya asubuhi tu. Kila saa ambayo kuni haziwaki ni faida.

Mtoto wa wale mke na mume hajarudi kwetu kwa kichomi tangu mvua zilizopita. Siwezi kusema ni jiko peke yake lililofanya hivyo, kwa sababu mama alimkamilishia pia chanjo ya kichomi, inayotolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Sebule yao bado haina sakafu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Katika chumba chenu cha kupikia, moshi unatokea wapi? Nani huuvuta zaidi?
2. Chora mistari ya daftari kama tulivyoeleza. Andika vitu vitatu mlivyo navyo na viwili vya kununua.
3. Mtoto wa miezi 8 anakohoa na kupumua mara 54 kwa dakika. Mtafanya nini?
4. Akina baba wajibu: mara ya mwisho uliingia lini katika chumba cha kupikia moto ukiwaka, ukakaa mpaka ugali ukaiva?